Kwa nini pikapu ile ile hula mafuta tofauti kwenda na kurudi: kazi ya upepo katika barabara kuu

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) zinapotaja upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa, wanaozisikiliza kwa makini zaidi ni wavuvi, manahodha na abiria wa boti za Zanzibar. Dereva wa pikapu anayejiandaa kutoka Singida kurudi Dodoma huridhika akishasikia kwamba mvua haitanyesha. Upepo unaovuma bara haumhusu, au ndivyo anavyodhani. Kumbe katika safari ya saa tatu upepo huo unaweza kumgharimu lita kadhaa za dizeli bila kuacha alama yoyote kwenye gari.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta, na wananchi huzifuatilia kwa sababu zinagusa nauli, bei ya vyakula na bajeti za ofisi. Lakini gharama ya safari ni zao la namba mbili: bei ya lita moja na idadi ya lita zilizotumika. Namba ya kwanza hutangazwa. Ya pili huamuliwa barabarani, na kwa gari lenye umbo la pikapu upepo ni miongoni mwa waamuzi wake wakubwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa ofisi za umma na kampuni zenye magari mengi. Pikapu inatoka makao makuu na kurejea siku ya pili. Afisa usafirishaji anafungua daftari la safari na kukuta kwamba kilomita 240 za kwenda zimetumia lita 19, na kilomita hizo hizo za kurudi zimetumia lita 25. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule na mzigo haukubadilika. Jibu la kwanza linalomjia ni kwamba mafuta yamenyonywa njiani. Huenda ni kweli, kwa maana wizi wa mafuta upo na lazima udhibitiwe. Lakini huenda pia dereva huyo hakugusa hata tone, na tofauti yote ilipotelea hewani kwa maana halisi ya neno hilo.

Gari linalokwenda kwa mwendo usiobadilika kwenye barabara tambarare hupambana na vizuizi viwili vikubwa. Cha kwanza ni ukinzani wa tairi zinapoviringika juu ya lami. Huu hutegemea zaidi uzito wa gari na ujazo wa tairi, na haubadiliki sana mwendo unapoongezeka. Cha pili ni ukinzani wa hewa. Hewa ina uzito, na gari haliwezi kupita mpaka liisukume pembeni na kuiacha nyuma ikiwa imevurugika. Ukinzani huu huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo kasi ikiwa mara mbili, ukinzani huwa mara nne. Mjini, kwa kilomita 50 kwa saa, dereva hauhisi. Kwenye barabara kuu, kwa kilomita 90 kwa saa, ndio unaokula sehemu kubwa zaidi ya nguvu inayofika kwenye magurudumu.

Kasi inayohesabika hapa si ile inayoonyeshwa na geji ya dashibodi. Geji hupima mwendo wa gari juu ya ardhi, ilhali ukinzani hutokana na mwendo wa gari ndani ya hewa. Pikapu ikienda kilomita 90 kwa saa huku upepo wa kilomita 20 ukiipiga usoni, bodi yake hukutana na hewa ya kilomita 110 kwa saa. Upepo huo huo ukitoka mgongoni, gari hukutana na hewa ya kilomita 70 tu. Mabaharia wa pwani wanaoulalamikia upepo wa omo wanalifahamu jambo hili tangu zamani. Dereva wa lami hulisahau kwa sababu amefungiwa ndani ya kioo na kiyoyozi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Pikapu ya dizeli yenye kebini mbili, ikiwa na abiria na mzigo mdogo, ina uzito wa kilo 2,200 hivi. Kwa kilomita 90 kwa saa bila upepo, ukinzani wa tairi ni takriban nyutoni 260 na ule wa hewa ni takriban nyutoni 410. Jumla ni nyutoni 670. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukija moja kwa moja usoni, ukinzani wa hewa hupanda hadi nyutoni 615 na jumla hufika 875, ongezeko la asilimia 30. Upepo huo ukigeuka na kuja mgongoni, ukinzani wa hewa hushuka hadi nyutoni 250 na jumla huwa 510, pungufu kwa asilimia 24.

Matumizi ya mafuta hayapandi kwa kiwango hicho chote, kwa kuwa injini hutumia sehemu ya mafuta kujizungusha yenyewe, kuendesha pampu na kuchaji betri, upepo uwepo au usiwepo. Kwa gari ambalo kwa kawaida hutumia lita 9 kwa kila kilomita 100, yaani kilomita 11 kwa lita, upepo huo wa usoni huongeza takriban lita moja na nusu au zaidi kidogo. Gari hushuka hadi kilomita 9 na nusu hivi kwa lita. Upepo wa mgongoni hupunguza takriban lita moja na robo, na gari hufikia kilomita 13 kwa lita. Kwa umbali wa kilomita 240, tofauti kati ya kwenda na kurudi inakaribia lita 7. Huo ndio ukubwa wa pengo ambalo afisa wetu aliliona kwenye daftari.

Wapo wanaosema kwamba hakuna hasara, kwa kuwa kilichopotea wakati wa kurudi kilikwisha kuokolewa wakati wa kwenda. Hoja hiyo inavutia lakini hesabu inaikataa. Kwa sababu ukinzani hufuata kipeo cha pili, upepo wa usoni huongeza nyutoni 205 wakati ule wa mgongoni hupunguza 160 tu. Katika mfano wetu, safari nzima ya kilomita 480 bila upepo ingetumia lita 43 na kidogo, na yenye upepo hutumia takriban 44. Hasara ya jumla si kubwa kwa upepo wa kawaida, ila haifutiki, na hukua haraka upepo unapozidi. Hali ni hiyo hiyo kwa upepo wa vishindo, unaotulia na kuvuma kwa zamu: gharama ya kishindo huzidi faida ya utulivu unaofuata.

Upepo wa ubavuni nao una hesabu yake. Wengi huudhani kuwa hauna upande, hauongezi wala haupunguzi. Ukweli ni kwamba hewa ikija kwa mshazari hulikuta gari likiwa na uso mpana zaidi, na umbo ambalo watengenezaji walilichonga kwa ajili ya hewa ya mbele hushindwa kuipitisha vizuri. Nyuma ya kebini na pembeni mwa bodi hewa huvurugika zaidi, na ukinzani huongezeka. Dereva naye hulazimika kushikilia usukani kidogo kuelekea upepo unakotoka ili abaki kwenye njia yake, jambo linalozifanya tairi zisiviringike kwa unyoofu kamili. Kwa sababu hizi, hata upepo unaopiga mraba kabisa na barabara hugharimu mafuta kidogo.

Hapa ndipo umbo la pikapu linapoingia. Gari dogo la saluni limechongwa ili hewa ipande taratibu juu ya kioo na kushuka taratibu nyuma. Pikapu ina uso mpana, imeinuliwa juu ya ardhi, na paa la kebini yake linakatika ghafla juu ya bodi iliyo wazi. Kwa hiyo kila kilomita moja ya upepo humgharimu mwenye pikapu zaidi kuliko mwenye saluni.

Kuhusu bodi hiyo, ipo imani iliyoenea kwamba kuushusha mlango wa nyuma huiachia hewa ipite na kuokoa mafuta. Inaonekana kuwa na mantiki, lakini majaribio katika mahandaki ya upepo yameonyesha kuwa kwa kawaida haisaidii, na mara nyingine hudhuru. Mlango ukiwa umefungwa, hewa iliyo ndani ya bodi hujizungusha papo hapo kama maji katika kidimbwi, na mkondo unaotoka juu ya kebini hupita juu yake kana kwamba kuna mfuniko. Mlango ukishushwa, kidimbwi hicho huvunjika na mkondo huangukia ndani ya bodi. Zaidi ya hapo, mzigo unaweza kuteleza na kuanguka barabarani, na namba ya usajili ya nyuma inaweza kufichika. Turubai lililokazwa vizuri juu ya bodi husaidia kiasi kidogo. Lililolegea na kupigapiga kama bendera ni afadhali liondolewe.

Kinachodhuru kuliko vyote ni kile kinachopita juu ya paa la kebini. Keria yenye magunia, godoro lililosimamishwa au tangi la maji lililofungwa juu ya vyuma huongeza uso unaopigwa na hewa na kuvuruga mkondo uliobaki. Taarifa za Serikali ya Marekani kwa wenye magari zinaeleza kwamba sanduku kubwa la mizigo juu ya paa hupunguza umbali unaopatikana kwa kila kipimo cha mafuta kwa asilimia 10 hadi 25 katika kasi ya kilomita 105 hadi 120 kwa saa. Pikapu ina bodi, na mzigo uliolazwa ndani yake chini ya usawa wa kebini hauongezi uso wa mbele. Kuupandisha juu ya paa wakati bodi ina nafasi ni kulipia mara mbili.

Mfano wa Singida haukuchaguliwa kwa bahati. Vipimo vilivyofanywa kwa ajili ya utafiti wa umeme wa upepo katika eneo la Kititimo mkoani Singida vilionyesha wastani wa mita 9.9 kwa sekunde katika kimo cha mita 30, na Makambako mkoani Njombe mita 8.9 kwa sekunde. Ni maeneo yenye upepo wa kutosha kuzungusha mitambo, na si mbali na Makambako, wilayani Mufindi, ipo mitambo mitatu ya Mwenga inayozalisha megawati 2.4. Msafiri wa barabara ya Iringa kwenda Mbeya hupita katika ukanda huo huo wa nyanda za juu zilizo wazi.

Mita 9.9 kwa sekunde ni sawa na kilomita 36 kwa saa, lakini si huo unaolipiga gari. Upepo hupungua kadiri unavyokaribia ardhi, kwa kuwa nyasi, vichaka na mabonde huuzuia. Katika uwanda wa wazi, upepo wa kilomita 36 kwa saa katika kimo cha mita 30 hubaki kama kilomita 20 katika usawa wa pikapu. Vivyo hivyo, upepo unaotajwa katika taarifa za hali ya hewa hupimwa kwa kawaida katika kimo cha mita 10, na dereva anaweza kuchukua theluthi mbili ya namba hiyo. Taarifa ikisema kilomita 30 kwa saa, ahesabu 20. Ikisema 40, ahesabu 27, na ajue kwamba upepo wa namna hiyo ukiwa usoni unaweza kuongeza zaidi ya lita mbili kwa kila kilomita 100.

Asiye na taarifa anaweza kusoma dalili. Majani na vijitawi vikitikisika bila kukoma na bendera nyepesi ikinyooka, upepo katika kimo cha vipimo ni kati ya kilomita 12 na 19 kwa saa. Vumbi na karatasi zikianza kupaa, ni 20 hadi 28. Miti midogo ikianza kuyumba yote, ni 29 hadi 38.

Sasa turudi kwenye barabara yenyewe. Wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Oktoba, upepo wa kusi unaotoka kusini mashariki hutawala sehemu kubwa ya nchi. Barabara ya Dodoma hadi Singida huelekea magharibi na kaskazini magharibi mpaka Manyoni, kisha hukunja kuelekea kaskazini. Kwa hiyo anayekwenda Singida katika miezi hiyo huwa na upepo mgongoni kwa mshazari, na anayerudi Dodoma huukabili kwa mshazari. Mshazari hupunguza makali: upepo wa kilomita 20 unaoingia kwa pembe ya nyuzi 45 huwa na nguvu ya takriban kilomita 14 katika mstari wa barabara, na sehemu iliyobaki hupiga ubavuni. Pengo la lita 7 katika mfano wetu hubaki kuwa la siku ambayo upepo umenyooka na barabara. Kwa upepo wa pembe hiyo, kutegemea lita 4 au 5 ni hesabu ya haki zaidi.

Mwinuko nao usisahaulike. Singida iko juu ya Dodoma kwa takriban mita 400, na kati yao kuna mteremko wa kuingia bonde la Bahi na kisha mpando wa Saranda kabla ya Manyoni. Kuipandisha pikapu yetu mita 400 huhitaji zaidi ya nusu lita, na sehemu ya nguvu hiyo hurejeshwa wakati wa kushuka. Maana yake ni kwamba katika msimu wa kusi mlima na upepo hupingana: mlima humtoza anayekwenda, upepo humtoza anayerudi. Anayetazama daftari bila kujua mambo yote mawili ataona namba zinazoyumba na atatafuta mkosaji.

Dereva afanye nini? Hawezi kuuzima upepo, lakini kasi iko chini ya mguu wake. Akiwa na upepo wa kilomita 20 usoni, kupunguza mwendo kutoka kilomita 90 hadi 80 kwa saa hushusha ukinzani wa jumla kwa takriban asilimia 12. Kwa kilomita 240 hilo humchelewesha dakika 20. Wengi hufanya kinyume: gari likionekana zito hukanyaga zaidi ili "lifunguke", na kumbe wanaongeza namba ile ile inayopandishwa kipeo cha pili. Kwa safari isiyo na dharura, kuondoka alfajiri kuna faida nyingine, kwa kuwa karibu na ardhi upepo wa bara huwa mtulivu zaidi asubuhi na huchangamka jua linapokwisha kuipasha ardhi moto, kuanzia saa nne au saa tano hivi hadi alasiri. Kiswahili huita hewa ya tairi kwa jina hilo hilo la upepo, na huu wa pili dereva anaweza kuudhibiti kikamilifu: tairi zipimwe zikiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Mbinu moja isijaribiwe. Ni kweli kwamba gari linalojificha nyuma ya lori hupata hewa iliyokwisha kuvunjwa na hutumia mafuta kidogo. Ili faida hiyo iwe na maana, ni lazima kusogea karibu kiasi ambacho dereva haoni mbele na hana umbali wa kusimama lori likifunga breki. Tahadhari nyingine ni ya kulipita lori wakati upepo unatoka ubavuni. Lori huukinga upepo, kisha pikapu ikitokeza mbele yake hupigwa ghafla na kusukumwa pembeni, hasa ikiwa bodi ni tupu au mzigo umepanda juu. Mikono miwili ibaki kwenye usukani.

Kwa upande wa ofisi, kiwango kimoja cha kilomita kwa lita kilichoandikwa miaka mitatu iliyopita na kutumika Januari na Agosti, kwenda na kurudi, kinaweza kumhukumu mtu asiye na kosa. Kinaweza pia kumlinda mwizi, kwa sababu anayefahamu kwamba safari yenye upepo wa mgongoni huokoa lita tatu anaweza kuzichukua na bado daftari likaonekana safi. Njia ya haki ni kupima. Gari lijazwe mpaka pampu ikatike yenyewe mara ya kwanza na kilomita ziandikwe. Likifika mwisho wa safari lijazwe tena kwa namna hiyo hiyo, likiwa limesimama mahali tambarare, na idadi ya lita zilizoingia igawanye kilomita zilizokwenda. Kwenda na kurudi kuandikwe kila kimoja peke yake, pamoja na mzigo, saa ya kuondoka na neno moja tu kuhusu upepo: usoni, mgongoni, ubavuni au shwari. Baada ya safari kumi au kumi na mbili katika barabara moja, afisa usafirishaji atakuwa na viwango viwili au vitatu vya gari hilo, na lita zitakazozidi hapo ndizo za kumwita dereva azitolee maelezo.